Kuhakiki DVD ya Debian kwa heshi ya SHA-512

Kabla ya kusakinisha Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, kutoka kwenye DVD, hakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye diski ndicho kilichomo katika faili ya ISO (nakala kamili ya diski katika faili moja) uliyoipakua, kwa sababu programu ya kuchoma diski inaweza kutangaza kwamba kazi imekamilika ilhali baadhi ya baiti zimeharibika.

Anza na faili ya SHA512SUMS inayotolewa pamoja na ISO, yenye heshi yake, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye data, na uthibitishe saini yake ya kidijitali kwa programu ya gpg. Heshi isiyo na saini hugundua hitilafu tu, haimzuii mtu aliyebadilisha faili zote mbili.

Kisha soma diski yenyewe, baada ya kuitoa na kuiingiza upya. Hapa ndipo wengi hukwama: kompyuta huweza kusoma hadi vitalu vya ziada vilivyojazwa mwishoni, na heshi ikatofautiana ingawa data ni nzima. Kwa hiyo gawanya ukubwa wa ISO, kwa baiti, kwa 2048, ambao ndio ukubwa wa kitalu kimoja, na uweke jibu mahali pa N katika amri hii ya Linux, ambamo /dev/sr0 ni kiendeshi cha DVD:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=N | sha512sum

Heshi ikitofautiana na ile ya ISO yako katika SHA512SUMS hata kwa herufi moja, choma diski nyingine kwa kasi ndogo zaidi.