Taa ya gari imeingia maji: tafuta yanapoingilia kabla ya kukausha

Masika yakikolea, gereji hujaa taa zilizoingia maji, hasa za gari ndogo zilizotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Wengi wenye gari hizo wameshaanika taa juani, ikakauka vizuri, kisha mvua ya kwanza ikarudisha maji yaleyale. Walitoa maji, hawakuziba njia. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kusaka njia hiyo. Kukausha hakuna ugumu.

Kwanza hakikisha tatizo lipo kweli. Taa ya gari haijazibwa kabisa. Nyuma yake ina vipumulio, vile vijiraba vilivyopinda au vifuniko vidogo. Taa ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Ikipoa, huvuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake. Ndiyo maana asubuhi yenye baridi unaweza kuona ukungu mwepesi kwenye kioo. Washa taa kama nusu saa. Ukungu ukiyeyuka wote, usiiguse. Lakini ukiona matone yanatiririka, au maji yametuama chini ya kioo, usingoje. Maji huharibu rangi ya fedha inayoakisi mwanga, hutia kutu soketi, na balbu ya halojeni iliyo moto ikidondokewa na tone inaweza kupasuka.

Hatua ya 1: Kagua nyuma ya taa

Fungua boneti, angalia kofia ya raba inayofunika balbu na oringi (pete ya raba) iliyopo kwenye balbu yenyewe. Raba iliyokakamaa au kupasuka, badilisha. Hapa ndipo ninapokuta chanzo mara nyingi kuliko popote: mtu kafunga balbu za LED zenye feni, kofia ikakataa kufunga, basi ikatobolewa au ikatupwa kabisa. Hakuna gundi itakayosaidia hapo. Tafuta balbu fupi zinazoruhusu kofia kufunga, au rudisha halojeni.

Kisha hesabu vipumulio, linganisha na taa ya upande wa pili. Kilichodondoka huacha tundu wazi, na tairi likirusha maji yanaingia moja kwa moja. Kilichoziba kwa matope huzuia unyevu kutoka. Weka kingine cha raba, mdomo ukielekea chini. Usikizibe kwa silikoni hata kidogo.

Hatua ya 2: Toa taa

Kabla ya kugusa spana, egesha gari mbele ya ukuta mahali tambarare, washa taa, weka alama ya utepe pale mwanga unapokatia. Weka alama pia chini tairi zilipo. Kisha zima, subiri taa ipoe, chomoa waya wa hasi kwenye betri.

Gari nyingi za Toyota hutumia spana namba 10. Bolti moja mara nyingi hujificha nyuma ya bampa, kwa hiyo legeza bampa kwanza. Ukivuta kwa nguvu utavunja masikio ya taa. Kama taa ni za zenoni, kuwa mwangalifu zaidi: zinapoanza kuwaka hupata umeme wa maelfu ya volti, usizifungue zikiwa na umeme.

Hatua ya 3: Saka tundu

Mwaga maji yaliyomo. Funga kofia zote, ziba vipumulio kwa utepe, bakiza kimoja na uchomeke mrija mwembamba wa mpira. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya kioo na kasha, halafu puliza mrija kwa mdomo taratibu. Panapotoka mapovu ndipo penyewe; weka alama kwa kalamu. Angalia sana pembe za juu, ambako jua na joto la injini hukausha gundi. Usitumie kompresa, presha yake inaweza kufungua maungio yaliyo mazima.

Hatua ya 4: Kausha

Toa balbu na utepe uliozibia vipumulio, suuza sabuni kwa maji safi, kisha peleka hewa ya mashine ya kukaushia nywele kupitia tundu la balbu, kwa moto mdogo. Usiingize kitambaa kufuta ndani. Ile rangi ya fedha ni utando mwembamba mno wa aluminiamu, unabanduka kwa kuguswa tu, na haurudi. Kama kuna matope, suuza kwa maji ya kuongezea betri (si asidi) na uache yachuruzike.

Wapo wanaotoboa tundu chini ya taa ili maji yatoke. Ninawasihi msikubali. Tundu hilohilo huingiza vumbi na maji ya madimbwi, na taa haitapona tena.

Hatua ya 5: Ziba

Ufa mdogo kwenye maungio: safisha kwa spiriti, pakaza silikoni isiyo na harufu ya siki. Yenye harufu hiyo hutoa asidi inayoshambulia ule utando wa aluminiamu.

Gundi ikiwa imechoka pote, taa inabidi ifunguliwe. Toa balbu, skrubu na klipu, pasha maungio kwa mashine ya hewa ya moto huku ukiisogeza, uvute kioo kidogokidogo. Ondoa gundi ya zamani yote, weka butili mpya (gundi ya raba inayolainika kwa moto), pasha tena na ubane. Baadhi ya taa zina gundi ngumu isiyolainika kwa moto. Hizo zibe kwa nje. Kioo kilichopasuka, nunua taa nyingine.

Hatua ya 6: Jaribu na urudishe

Acha gundi siku nzima. Rudisha balbu na kofia, bila kushika kioo cha balbu ya halojeni kwa vidole, kisha mwagia taa maji ya bomba kwa dakika kadhaa, chungulia ndani. Ikiwa kavu, ifunge kwenye gari. Rudisha gari kwenye alama za tairi, washa, linganisha na utepe ukutani. Mwanga ukiwa umepanda, geuza skrubu ya kurekebishia nyuma ya taa mpaka ushuke kwenye alama, usije ukampofusha dereva anayekuja mbele yako.