Somo: kuomba msaada wa zoezi la programu kwa watu usiowajua mtandaoni

Kila muhula ukianza napata ujumbe uleule, kutoka Kampala, Mbarara, hata Gulu: "Niliuliza mtandaoni, hakuna aliyenijibu." Naandika mara moja, tusomeane hapa. Mifano ni ya Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kuwa wengi mnaanza nayo.

Hatua ya 1. Jaribu mwenyewe kwanza.

Hatua ya 2. Sema wazi kuwa ni zoezi la chuo. Wanaojibu hulitambua, wao pia walilifanya.

Hatua ya 3. Soma ujumbe wa kosa kuanzia chini. Mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa.

Hatua ya 4. Bandika msimbo, yaani mistari ya programu, uleule uliokataa. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza sikuwa na kompyuta. Maabara ilipofungwa nilitoka na programu niliyoinakili kwa mkono kwenye karatasi, nikaichapa kwenye simu ndani ya teksi ya Jinja. Simu ikapinda alama za nukuu, na Python haizikubali zilizopinda. Nafasi za mwanzo wa mistari zikapotea, nazo kwa Python zina maana. Watu watatu walihangaika saa mbili na makosa ambayo hayakuwa kwenye programu yangu. Kosa lenyewe, mabano yasiyofungwa, nilikuwa nimelisahihisha bila kujua wakati wa kunakili! Nilipowaeleza, mmoja aliondoka bila kuaga, na alikuwa na haki. Kwa hiyo usichape upya. Usitume picha ya skrini, picha haiendeshwi. Jitumie faili kwa barua pepe. Kisha ondoa mistari isiyohusika, endesha tena, hakikisha kosa bado lipo. Wengi huliona wenyewe wakiwa hapo.

Hatua ya 5. Eleza ulitarajia nini na umepata nini. "Haifanyi kazi" haitoshi.

Hatua ya 6. Ukisaidiwa, rudi useme kilichofaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, naomba programu ya kukokotoa nauli za basi. Nawasilisha kesho asubuhi.
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nimesoma. Sina muda.
Jibu: Hata unaowaomba hawana. Leta mistari mitano uliyoandika, nitakaa nawe usiku huu.

Swali: Mbona masharti mengi? Wengine bando letu ni la siku moja.
Jibu: Nami nimeishi na bando hilo, ndugu yangu, ndiyo maana nasisitiza. Swali likipungukiwa utaulizwa, utajibu, utaulizwa tena, bando linakwisha. Liandike ukiwa nje ya mtandao, ujiunge wakati wa kulituma. Na tuma jioni: saa 2 asubuhi ya kwetu, New York ni usiku wa manane.

Swali: Nimepunguza hadi mistari mitatu. Nasoma nauli mbili, 2000 na 3000, nazijumlisha, napata 20003000. Ujumbe wa kosa hakuna. Kwani hizo si namba?
Jibu: Dada, umeuliza vizuri sana. Katika Python 3, input, amri inayosoma unachochapa, huleta maandishi siku zote, hata ukichapa tarakimu tupu, na alama ya + ikikuta maandishi huyaunganisha. Kila input ifunge ndani ya int, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili. Kitabu chako kikionyesha vingine, angalia kama si cha Python 2, ambako input ilikokotoa ulichochapa. Toleo hilo liliacha kuhudumiwa 2020. Ukimaliza, chapa neno mahali pa nauli, uone ValueError, kosa la thamani isiyofaa, inavyosema.

Swali: Imekuwa 5000! Na maandishi nikiyazidisha kwa 3?
Jibu: Yatarudiwa mara tatu. Jaribu na jina lako.

Mwanachama mwingine: Niongeze kwa wenye bando dogo: ndani ya Python andika help, kisha jina la kitu ndani ya mabano. Maelezo yanakuja bila intaneti.
Jibu: Kweli kabisa. Ukimaliza kusoma bonyeza q kutoka. Nilikwama hapo muda mrefu.