Michezo ya kumfundisha mtoto mashine yake ya kusikia

Mtoto wa miaka minne hawezi kukueleza kwamba mrija wa mashine umeingia maji. Atanyamaza tu, au ataivua na kuiacha mchangani. Kwa hiyo shabaha ya michezo hii ni moja: aijue mashine yake ikiwa nzima, ili siku ikiharibika awe wa kwanza kusema. Maelezo yanahusu mashine ya kuvaliwa nyuma ya sikio, ambayo wengine huiita shimesikio.

Anzeni kwa kuunda ya kuchezea. Kasha la kiberiti ni mwili wenye maikrofoni, kikuza sauti na spika. Kizibo cha soda ni betri, mrija wa juisi ni mrija, na donge la unga wa ngano ni kile kipande kinachoingia sikioni. Aunganishe mwenyewe, kisha apitishe kidole njia ya sauti hadi sikioni. Bandika alama nyekundu kwa mashine ya kulia na bluu kwa ya kushoto.

Sauti sita

Zoezi hili lilibuniwa na Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya watoto viziwi, na ndilo la kufanya kila asubuhi. Sauti ni *mm, uu, aa, ii, sh, s*. Mpe kikombe na vizibo 12. Kila akisikia, atumbukize kimoja. Kaa ubavuni mwake umbali wa mita 1, asione midomo yako, lakini usiizibe kwa kiganja maana sauti hubadilika. Usipaze sauti. Badilisha muda kati ya sauti, mara sekunde 3, mara 10, la sivyo atatumbukiza kwa kufuata mwendo tu. Pima sikio moja moja, kisha rudia kwa mita 3.

Asiposikia hata moja, shuku betri au mrija ulioziba. Akikosa *s* na *sh* alizozisikia jana, tazama nta na unyevu. Huyo hatatofautisha soka na shoka. Wapo watoto ambao hawazipati zote sita hata kwa mashine nzima, kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana, wala si na mwenzake. Andika kwenye daftari. Ukishasafisha na kubadilisha betri na sauti bado haipatikani, mrudishe kwa mtaalamu wa usikivu.

Fundi mdogo

Huu ndio mchezo wenye faida kubwa kuliko yote. Iharibu mashine kwa siri, naye aitafute hitilafu: umeacha kimlango cha betri wazi, umeweka betri iliyokwisha, au umeizima. Mfundishe kuifumbata kiganjani ikiwa imewashwa: nzima kwa kawaida hupiga mluzi, iliyokufa hukaa kimya. Ikipiga mluzi sikioni, kipande hakijakaa sawa, kuna nta, au sikio limekua na kipande kimekuwa kidogo. Usipunguze sauti ili kuunyamazisha mluzi; utakuwa umemnyima usikivu.

Betri zishikwe na mtu mzima. Mtoto akimeza moja ni dharura: hospitali mara moja. Betri za zinki hufanya kazi kwa hewa, hivyo ukibandua stika iliyo juu ya betri subiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuitia kwenye mashine; hapo mtoto aimbe au ahesabu. Ukishabandua, kuirudisha stika hakuizuii betri kuisha.

Dar es Salaam, jasho na unyevunyevu huisumbua mashine kuliko kuanguka. Jioni mwachie mtoto kazi ya kuwinda matone: aushike mrija kwenye mwanga, akiona tone akuite ulipulize kwa kipulizio cha mpira. Kipande cha sikioni kitenganishwe, kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke usiku kucha. Mashine yenyewe isiguse maji. Toa betri, ilaze mashine kwenye kopo lenye mfuniko na pakiti za silika (vifuko vya kunyonya unyevu), mbali na mtoto; betri ibaki nje ya kopo. Mchele haufai, huacha vumbi.

Mwisho, soma orodha ya matunda, naye arudie kila jina, huku ukirudi nyuma hatua moja moja, feni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Pale anapoanza kukosea, weka alama ya chaki sakafuni. Akiona alama ya pili iko karibu zaidi, ataelewa kwa nini anahitaji kukaa mbele darasani, mbali na dirisha la barabarani. Mzoeze pia kutamka, "Mwalimu, naomba urudie," na, "Mwalimu, betri imekwisha."