Jinsi ya Kumfuata Kristo na Kumshuhudia Mahali Unapopingwa

Mkristo anayepingwa kwa sababu ya imani yake anapaswa kuchunguza kwanza ni jambo gani hasa linalopingwa, kwa maana si kila chuki inayompata mwamini ni mateso kwa ajili ya Kristo. Mtume Petro, katika sura ya nne ya waraka wake wa kwanza, anawaonya wasomaji wake wasiteswe kama wauaji wala wezi, na katika orodha hiyo hiyo anamtaja mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine. Onyo hilo linatuhusu sana sisi ambao kipaza sauti cha mkesha wetu huelekezwa dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga, na jirani huyo akilalamika hutajwa madhabahuni kuwa adui wa Injili. Basi kabla ya kumwomba Mungu akupiganie, jiulize kama umelipa madeni yako, kama unafika kazini kwa wakati, na kama hujawahi kumtukana mtu ukidhani unamhubiria. Yanayotokana na makosa yako yanatengenezwa kwa kuomba radhi, na yatakayobaki baada ya hapo ndiyo ya kuyavumilia kwa ajili ya Bwana.

Kwa wengi wetu upinzani mgumu kuliko wote hutoka nyumbani. Kijana aliyeokoka anaambiwa achangie mbuzi na pombe ya tambiko, au mjane anaelezwa kwamba asiporithiwa na shemeji yake atauletea ukoo mikosi. Usingoje siku yenyewe ya tambiko ndipo utangaze mbele ya watu wote kwamba hushiriki, kwa sababu mzee aliyeaibishwa mbele ya wajukuu zake hawezi kulegeza msimamo hata kama moyoni angependa. Mwendee mapema, ukiongozana na baba mkubwa au shangazi anayesikilizwa, umwamkie kwa heshima anayostahili, kisha umweleze kwa maneno machache ni nini usichoweza kukifanya na kwa nini. Baada ya hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo walokole wengi huisahau, mweleze yale utakayoyafanya: kwamba utafika msibani siku ya kwanza, utachimba kaburi pamoja na vijana wengine, utachota maji na kupasua kuni, na utatoa mchango wa unga na sukari, pengine hata kubeba ada ya mtoto wa marehemu. Mtu akikataa tambiko na papo hapo akakwepa gharama za msiba, ukoo utasema amejificha nyuma ya dini ili asitoe fedha yake, na kwa kweli sioni namna ya kuwalaumu.

Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Wakristo la toba na wokovu lililoenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, walituachia mfano wa kupimia jambo hili. Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, Wakikuyu wengi miongoni mwao walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakieleza kwamba aliyekwisha kushiriki damu ya Kristo katika Meza ya Bwana hawezi kunywa damu ya mbuzi wa kiapo, na wapo waliouawa kwa jibu hilo. Lakini wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni dhidi ya jirani zao, wakawa watu wa kushukiwa na pande zote mbili. Kukataa huko kwa pili ndiko kulikoupa uzito ushuhuda wao, kwa kuwa ilikuwa vigumu kudai kwamba imani yao ilikuwa njia ya kujipendekeza kwa mzungu. Nawe upime kukataa kwako kwa namna hiyo: ukikataa tambiko la babu yako lakini ukapokea rushwa ofisini, ndugu zako wanaona, nao hawatakuwa na sababu ya kukuamini.

Ama kuhusu kushuhudia kwa maneno, Petro huyo huyo anataka tuwe tayari kumjibu anayetuuliza, tena kwa upole. Jitayarishie basi ushuhuda unaoweza kusimuliwa kwa dakika tano, usiojigamba kwa dhambi za zamani, na unaomtaja Kristo mara nyingi kuliko unavyojitaja wewe. Usimsomee jirani yako Mwislamu aya za Kurani ambazo hujawahi kuzisoma kwa ukamilifu wake, wala usiifanyie mzaha mila ambayo mama yako anaiheshimu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kubadili dini na wa kuieneza, na Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inalinda uhuru wa dini kwa namna inayokaribiana na hiyo. Hata hivyo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Anayefanya kazi za nyumbani Oman ajue kwamba huko kuhubiria watu hadharani ni kosa kisheria, na kwamba ibada hufanyika mahali palipoidhinishwa tu.

Mtu akiamini kutokana na ushuhuda wako, na hasa akiwa ametoka katika nyumba itakayomkasirikia, usirushe picha za ubatizo wake katika kundi la WhatsApp. Yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua siku ya kuwaambia wazazi wake, na shauku ya kanisa kuonyesha matunda haiwezi kulinganishwa na usalama wake.

Mwenye mamlaka anapoonea, msimwendee mmoja mmoja. Mwaka 1977 Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Janani Luwum na maaskofu wenzake wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya pamoja kupinga mauaji na uonevu, na Luwum akauawa mwezi Februari mwaka huo. Barua yao haikumzuia Amin, ila ilionyesha kwamba sauti iliyolalamika ilikuwa ya kanisa zima.

Kuondoka nako kunaruhusiwa. Bwana mwenyewe, katika Mathayo 10:23, aliwaagiza wanafunzi wanaoudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine, na Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Mke anayepigwa kwa sababu ya kwenda ibadani asirudishwe kwa jina la utii. Apelekwe mahali salama, na habari zifike polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyehama kwa sababu ya vitisho awajulishe wazazi wake kwamba yu hai, aendelee kuwatumia kile alichokuwa akiwatumia, na waliompokea wamsaidie kupata kazi mapema, asije akageuzwa mtu wa kuzungushwa makanisani kila Jumapili kusimulia mateso yake.