Jinsi ya kusoma mauzo ya gari ujue watu wana pesa (tulivyofanya na mpwa wangu Kampala)

Mpwa wangu anauza spea soko la Kisekka. Juzi kanipigia, mjomba nataka kuchukua mkopo nijaze duka, nitajuaje kama watu wana pesa? Nikamwambia tuangalie magari. Mtu hali ikibana unga atanunua tu, gari ndio anasema ngoja mwakani. Marekani 2007 waliuza magari madogo na pikapu kama milioni 16, 2009 wakauza kama milioni 10 na kitu, na ndio kipindi uchumi wao ulikuwa umeanguka.

Hatua 1. Tafuta hesabu. Za mwaka mzima ziko kwenye kitabu cha takwimu cha UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda. Za mwezi tulienda bondi tatu (yadi zinakouzwa magari yaliyoingizwa toka nje) za watu tunaojuana wakatufungulia madaftari.

Hatua 2. Tenganisha. Boda peke yake, lori na pikapu peke yake, Premio na Noah peke yake. Boda ya mkopo mtu anatafutia riziki, usiichanganye na gari la familia.

Hatua 3. Mwezi wa sita. Hapa mimi nilipoteza usiku mzima kwa hiyo soma polepole. Kwenye daftari moja Juni ilikuwa imejaa mpaka pembeni ya karatasi, Julai mistari minne tu, nikaanza kumwambia mpwa wangu soko limekufa, asikope. Kumbe mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na watu wakisikia tetesi za kodi mpya wanakimbiza kununua kabla, kwa hiyo mauzo ya Julai yameshaliwa na Juni, pesa haijapotea. Sheria nazo hivyo hivyo, ile ya kuzuia kuingiza gari la miaka 15 au zaidi ilianza Oktoba 1, 2018, sasa ukichukua mwezi mmoja karibu na tarehe hiyo utadanganyika kabisa. Dawa yake: jumlisha Mei, Juni na Julai pamoja, linganisha na miezi hiyo hiyo mwaka jana, usilinganishe kamwe Juni na Julai. Na uhesabu gari lililoenda kwa mnunuzi wa hapa, maana mengine yamepaki tu bondi na mengine yanapita kwenda Sudani Kusini au Kongo. Tumia Eksel au daftari la mistari, siyapendi haya maprogramu yanayojichorea grafu, yanalainisha Juni hauoni kitu.

Hatua 4. Angalia dola na riba. Gari linanunuliwa Japani kwa dola na kodi inapigwa juu ya bei hiyo, shilingi ikilegea mauzo yanashuka hata kama mishahara iko vilevile. Riba ya Benki Kuu ya Uganda ilishuka mpaka asilimia 9.75 Oktoba 2024, lakini uliza benki yako inakukopesha kwa ngapi, hiyo ndiyo inayomgusa mteja.

Hatua 5. Jiulize wewe unauza nini. Mwenye bondi akiona mauzo yameshuka analia, ila muuza spea asikimbilie kulia, watu wasiponunua gari wanatengeneza la zamani. Kwetu magari madogo yalikuwa yameshuka kidogo, boda zimepanda. Mpwa wangu akachukua nusu ya mkopo, akaweka pedi za breki, shokapu na filta, taa na bampa za gari mpya mpya akaziacha.