Pilau itarudi kwa masharti: kula ukipendacho baada ya kukatwa tumbo

Mimi ni mpishi wa shughuli, Mombasa. Masufuria yangu ni ya pilau za harusi, biriani za Ijumaa na mahamri ya asubuhi. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya daktari kuzungumzia upasuaji wa kupunguza uzito, sikuuliza habari ya kovu. Niliuliza pilau itakuwaje. Akanijibu itarudi kwa masharti, na kwamba masharti yenyewe nitayajulia jikoni. Alisema kweli. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kupika na kula, na kubwa kuliko yote ni hili: chakula kikikushinda, badilisha upishi kwanza, ndipo ukikatie tamaa.

Upasuaji wangu ni ule ambao asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa ikatolewa, kikabaki kijia chembamba. Aliyefanyiwa baipasi ametengewa kifuko cha takriban mililita 30, hakijazi hata kikombe cha kahawa chungu, na chakula chake kinaingia utumbo mdogo kwa njia ya mkato. Tofauti hiyo itakuwa na maana tukifika kwenye vitamu.

Wiki za mwanzo hazina majaribio. Ni vinywaji, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida huanza polepole baada ya wiki 6 hadi 8. Kila hospitali ina ratiba yake. Fuata karatasi uliyopewa wewe, si ya shoga yako. Mimi naanzia pale karatasi inapoishia.

Sahani yoyote ile

Protini inatangulia. Wengi huambiwa wafikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo ukianza na wali nafasi imekwisha. Samaki, kuku, maharagwe au mayai kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho ikiwa bado kuna mahali.

Usinywe na chakula. Ukishamaliza kula, ngoja nusu saa ndipo uguse maji. Kwetu sisi tuliozoea bilauri ya juisi kando ya sahani, hili linaudhi kuliko njaa yenyewe.

Tumia kijiko cha chai. Ukila kwa mkono, tonge isizidi punje mbili za mbaazi. Tafuna mpaka ulimi usikute kipande, kisha weka kijiko chini. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Na jifunze dalili yako ya kushiba, kwa maana haiwi ile ya zamani ya tumbo kujaa. Kuna anayepata kwikwi, kuna anayechuruzika kamasi, kuna anayepiga chafya. Mimi hubanwa chini ya kifua. Dalili ikija, acha hapo hapo, hata kama kijiko kiko njiani. Ukiongeza kimoja zaidi chakula hukwama, mate mazito yenye povu hujaa kinywani, na mwisho wake ni kutapika.

Namna ya kukijaribu chakula

Jaribu nyumbani, mchana, siku ambayo huna safari wala wageni. Chakula kipya kimoja tu kwa mlo, vijiko viwili vitatu, ukizungushie vile ambavyo tumbo limeshavikubali. Andika kwenye daftari: kilipikwaje, kilikuwa cha moto au cha kulala, ulikula haraka au taratibu. Utashangaa mara ngapi tatizo lilikuwa haraka.

Kikikataa, kiache wiki mbili tatu, kisha kirudie kwa upishi mwingine. Kurudia kilekile kwa namna ileile ni kujitesa. Mayai ndiyo mfano mzuri: wengi hawayawezi miezi ya mwanzo, hasa yaliyokaangwa yakakauka. Yavunje ndani ya rojo la nyanya linalochemka polepole, funika, epua ute ukishaganda tu. Yai lilelile, na mara nyingi linapita.

Nyama na samaki

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na sababu ni ukavu na nyuzi. Anza na samaki. Changu au tafi wa kupaka, nazi nyepesi, ukwaju kidogo, pilipili uiache kwanza. Samaki aliyekaangwa akakauka mpaka mifupa inaliwa, huyo mwache kwa miezi mingi.

Kuku chukua paja, kidari kiache: kidari ni kikavu hata kwa mtu ambaye hajakatwa kitu. Lichambue vipande vyembamba, ulirudishe kwenye mchuzi lilowe. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia hospitali ni kwamba kuku wa jana ni mgumu kuliko wa leo. Akishalala kwenye friji hukauka, na ukimpasha bila mchuzi unakula kamba. Mpashe ndani ya supu.

Nyama ya ng'ombe ianzie kwenye kima iliyopikwa na nyanya nyingi ikabaki na majimaji. Baadaye muundi wa mguu uliochemshwa kwa moto mdogo mpaka unaachana wenyewe. Mishkaki na nyama choma ni za mwisho. Ukizifikia, lowesha nyama kwa papai bichi, usiikaushe motoni, na ikate kukingama nyuzi. Pweza chemsha mpaka kijiti kipenye bila kusukuma, kisha mkate vipande vidogo kabisa. Mimi bado naye ni kwa wiki mara moja, na simkaribii akiwa wa kukaanga.

Chakula ambacho ningemshauri kila mtu wa pwani ni bokoboko. Ngano na nyama vimepikwa vikasongwa mpaka havijulikani kipi ni kipi: laini, yenye protini, na ni chakula cha heshima, hutahisi kwamba unalishwa cha mgonjwa. Ongeza nyama, punguza ngano, samli iwe tone, sukari ya juu uiache. Kwa hatua ya vyakula laini sijaona kinachoizidi.

Wali, ugali, chapati

Wali huganda pamoja na kufura. Usiule mtupu. Kwa pilau, chukua nyama kwanza vijiko kadhaa, kisha nusu kijiko cha wali kilichochanganywa na mtindi. Nyama ya pilau yenyewe niliibadilisha: naichemsha mpaka ilainike kabisa kabla ya kutia mchele, na mafuta nimeyapunguza kwa zaidi ya nusu. Viungo vyote vipo. Kachumbari menya nyanya, toa mbegu, na kitunguu kioshe kwa chumvi. Kitunguu kibichi kikali huwachoma wengi.

Ugali mgumu wa sima ya kukata ni mzito. Upike laini, tonge ndogo, mchuzi mwingi, na upande wake uwe na mchicha badala ya sukuma wiki. Sukuma wiki ukiitaka, toa mishipa ya katikati, katakata nyembamba sana, iive kweli.

Mkate mweupe mpya ni mbaya kuliko wote kwa sababu ukitafunwa unakuwa donge. Uukaushe kwenye moto uwe mkavu wa kuvunjika. Chapati vilevile: isukume nyembamba, irudishe juu ya kikaangio bila mafuta mpaka ikakamae, uvunje kipande uchovye maharagwe. Zile chapati zetu laini za kukunjuka, zenye tabaka na mafuta, ndizo zinazokwama. Mahamri: mbaazi za nazi kwanza, kisha robo ya hamri. Nusu ni siku ya Idi.

Vitamu

Sukari nyingi ikiingia utumbo mdogo kwa kasi, mwili huvuta maji kuja kuizimua, na ndani ya dakika 10 hadi 30 unapata jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota, kuharisha. Madaktari huita hali hiyo dampingi. Kuna ya pili huja saa 1 hadi 3 baadaye: sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka, unaishiwa nguvu. Walio na baipasi hupata zaidi, lakini sisi wengine pia hatujaepushwa. Ya kwanza, lala chini ingoje ipite. Ya pili, kula kitu kidogo chenye sukari, kisha protini, na mwambie daktari ikijirudia. Anayetumia dawa za kisukari azungumze naye mapema, maana dozi mara nyingi hubadilika baada ya upasuaji.

Kwa hiyo halwa ni kipande cha ncha ya kidole, baada ya mlo wenye protini, kamwe si tumbo likiwa tupu. Kaimati moja. Ramadhani usifunge mpaka daktari akuruhusu, kwa kuwa kazi kubwa ni maji: lita moja na nusu kwa mafunda kati ya magharibi na alfajiri si mchezo. Ukiruhusiwa, futuru kwa maji kidogo na tende moja uitafune taratibu, ngoja, ndipo supu ya nyama. Uji wenye sukari uweke mbali.

Soda inajaza gesi na juisi ya miwa ni sukari tupu. Hayo hayahitaji maelezo. Maziwa yakikuletea gesi, jaribu mtindi. Chai usinywe pamoja na kidonge cha madini ya chuma, na hicho kidonge kitenganishe na cha kalsiamu kwa saa mbili. Vitamini ni za maisha.

Ninachokuogopea zaidi ni chakula kinachopita bila taabu: kripsi za muhogo, kachri, biskuti za kuchovya chai, aisikrimu. Hakibani, hakikwami, unaweza kula tangu alasiri mpaka isha. Hakina protini ya maana, na uzito hurudi kwa mlango huo. Mimi ambaye kazi yangu ni kuonja, nimeweka kijiko kimoja cha kuonjea, nusu tu, na siku ya shughuli naonja chumvi ya mchuzi nikatema.

Usivumilie haya: kushindwa kubakisha hata maji kwa siku nzima, maumivu makali, homa, choo cheusi. Nenda hospitali. Kutapika kwa siku nyingi pia humaliza vitamini B1 mwilini. Ukianza kuona viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, ni dharura. Na dawa za maumivu aina ya ibuprofeni na diklofenaki usimeze bila kuuliza, huleta vidonda, hasa kwa wa baipasi.

Kwenye shughuli za watu

Sinia la pamoja ni gumu. Unakwenda kwa kasi ya wenzako na hujui umekula kiasi gani. Omba kisahani chako mapema, kabla sinia halijatua, na chagua nyama yenye rojo. Kula kitu cha protini nyumbani kabla ya kutoka. Mwenye shughuli atakuja tu: "Mbona huli, bibi we? Au chakula changu hakikupendezi?" Usianze kumweleza habari za tumbo mbele ya watu. Msifu kwanza, na msifu kwa jambo mahususi, kwamba nazi imekolea au bizari imekubali. Kisha mwombe akufungie. Nyumbani gawa vifungu vidogo, kila kimoja na mchuzi wake, ugandishe, na siku ya kukila ukipashe kwa moto mdogo ukiwa umefunika.