Namna ya Kupima Ushiriki wa Kampuni katika Programu Huria Kabla ya Kuitegemea

Wengi wetu tunapochagua programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuubadili na kuusambaza msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu), kwa ajili ya ofisi au shule, hutulizwa na jina la kampuni kubwa inayoifadhili. Ufadhili huo ni jambo jema, lakini hautoshi kuwa dhamana. Somo hili linaeleza mambo ya kukagua, kwa mfano wa OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka na majedwali, ambayo Waswahili tuliitolea jasho: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili.

Hatua ya kwanza: soma leseni. Sun Microsystems iliinunua kampuni ya Kijerumani ya StarDivision mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wa programu yake, ambao ndio uliozaa OpenOffice. Msimbo uliokwisha kutolewa kwa leseni huria hubaki mikononi mwa watu hata kampuni ikibadili nia.

Hatua ya pili: tafuta mkataba wa wachangiaji, yaani makubaliano ambayo anayetaka kuongeza kazi yake katika mradi hutakiwa kuyakubali, na uusome neno kwa neno. Hapa ndipo penye uzito. Sun ilimtaka kila mchangiaji aigawie hakimiliki ya kazi yake, hivyo kampuni peke yake ikawa na haki juu ya msimbo wote, na kwa haki hiyo iliweza kuuza toleo lisilo huria, jambo ambalo wachangiaji hawakuweza kulifanya. Kwa maoni yangu, mtu anayejitolea usiku baada ya kazi anastahili kuambiwa hayo waziwazi kabla hajatuma mstari wa kwanza.

Hatua ya tatu: hesabu watu. Pakua hazina ya msimbo kwa Git, zana inayotunza kumbukumbu za nani alibadili nini, kisha ndani ya folda yake andika amri git shortlog -sne --since=1.year. Utaona majina na anwani za barua pepe. Ikiwa karibu zote zinaishia kwa jina la kampuni moja, basi hiyo ni kazi ya kampuni iliyowekwa hadharani, na jumuiya bado haijazaliwa.

Hatua ya nne: uliza jina ni la nani na nani ana neno la mwisho. Kampuni ya Oracle ilipokamilisha ununuzi wa Sun mnamo Januari 2010, ilirithi pia jina la OpenOffice.org. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo, wanajumuiya walitangaza taasisi yao, The Document Foundation, na kuiomba Oracle iwaachie jina hilo. Hawakulipata, kwa hiyo wakaendelea na jina walilokuwa wamelichagua kwa muda, LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, wakati ambapo wachangiaji wengi walikwisha kuhama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, je, tuepuke kila mradi wenye mkataba wa wachangiaji?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Apache nayo ina mkataba, ila anayeushika ni taasisi isiyotafuta faida. Tahadhari zaidi pale mkataba unapoipa kampuni uwezo wa kubadili leseni. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kusimamia seva, katika leseni huria. Watumiaji walichukua msimbo wa kabla ya badiliko hilo wakaanzisha OpenTofu, ambayo sasa iko chini ya Linux Foundation.

Swali: Seva za shule yetu zilikuwa za CentOS 8. Ni hatua gani ingetuonya?

Jibu: Ya nne. Tangu mwaka 2014 CentOS, mfumo endeshi huria wa seva, ilikuwa chini ya kampuni ya Red Hat. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba toleo la 8, lililotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, lingekoma mwishoni mwa 2021. Leseni haikuguswa hata kidogo; kilichobadilika ni uamuzi wa aliyeshika usukani. AlmaLinux na Rocky Linux zilianzishwa kuziba pengo hilo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi si mwandishi wa programu. Naweza kuchangia tafsiri ya Kiswahili?

Jibu: Marahaba. Unaweza, na unahitajika. Tafsiri za LibreOffice hufanyiwa kazi katika Weblate, zana ya kutafsiri mtandaoni, kupitia kivinjari tu, na hutadaiwa kuikabidhi hakimiliki yako. Utaandika tamko kwamba unaitoa kazi yako kwa leseni za mradi. Anza na menyu ya Faili, na kabla ya kubuni neno jipya angalia lile ambalo wenzako waliotangulia wamekwisha kulitumia.